Mishubiri ya Baba

Watamu,
14 Juni 1986

Kwa kaka yangu Zein,

Assalaam alaykum na shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta huko Lamu ukiwa mzima, na wifi yangu Tumu na watoto hawajambo. Kile kifua kimepona? Sisi huku miili haijambo. Moyo wangu tu ndio haukai.

Kazi ya bustani ya hoteli naendelea nayo. Bi Waruguru, meneja wetu, hataki tena maua ya kupanga mistari. Asema wageni wanataka bustani ya pwani kama aliyoipanda Mungu mwenyewe: mikadi inukie, milakasa itambae mchangani, mishubiri ichomoze penye mawe. Basi tunatoka jasho kutwa ili ionekane hakuna aliyefanya kazi. Utacheka, lakini imependeza.

Mishubiri ndiyo iliyoniponza. Nilimwambia Masha, mchimbaji wetu wa miche, alete mikubwa yenye maua, maana midogo inachelewa. Akaleta mkokoteni mzima, akasema ameing'oa kichakani nyuma ya ufuo, mahali pasipo mwenyewe. Nikaipanda kwa furaha. Mmoja ulikuwa na kitu kimenasa kwenye mizizi: kipande cha bakuli la buluu, lile ulilolivunja utotoni ukapigwa. Ni kile alichokichomeka Mama kichwani pa kaburi la Baba, penye mishubiri.

Nikakimbilia makaburini. Masha simlaumu, Baba hakujengewa kaburi na magugu yamejaa. Lakini, kaka, hakuna mshubiri uliobaki pale, na upepo umeyafukia mashimo ya mizizi. Sisi wanawake hatukufuata jeneza. Mimi na Mama kaburi tulilijua kwa mishubiri iliyo juu yake tu. Nilizunguka kwenye yale matuta kama mtoto aliyepotezana na mzazi wake sokoni.

Idd ilikuwa imekaribia, na Mama angekwenda kuzuru. Sasa nakwambia nisilomwambia mtu. Niliing'oa ile mishubiri bustanini, nikaipanda upya juu ya kaburi nililolikisia. Mama akaja, akakaa, akaipapasa, akasema imenawiri, basi mumewe yu radhi. Akamweleza habari zako, mpaka ya mtoto mpya. Nami nimesimama nyuma yake, roho inanitoka.

Pengine ningenyamaza. Lakini Mama alifurahi hata akampa kazi fundi Awadh, ajenge kaburi na kuandika jina. Anaanza Jumamosi ijayo. Jina la Baba juu ya mtu mwengine, kaka, milele! Wewe na marehemu Ami ndio mlioshuka kaburini mkampokea. Umebaki wewe tu unayejua mlisimama wapi. Barua hii nampa dereva wa basi la Lamu ikufikie upesi. Njoo kabla ya siku hiyo, na Mama umwambie umekuja kumsimamia fundi.

Ikiwa nilipoipanda ndipo, nishike mkono tu, nitaelewa. Ikiwa pale sipo alipolala Baba, usiseme neno mbele ya Mama. Nionyeshe mimi, nami nitaihamisha mishubiri kabla hajaamka. Huyo mwengine aliyelala pale tutamwachia mche mmoja, maana ameyasikia yetu yote.

Wabusu watoto, na wifi mpe salamu zangu nyingi. Mama angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia.

Ni mimi nduguyo, ninayetazama njia,
Mwanasiti