Kiraka kwenye Ukurasa wa Mwisho

Jumatano, 9 Julai

Nimekagua sanduku la katuni zangu. Hakuna mchwa. Kurasa zote kavu. Mmoja, wa gazeti la vichekesho lililokufa zamani, umeanza kupata doa la njano upande wa kushoto. Nimeuhamishia juu, mbali na bati la kitako cha sanduku.

Jirani aliniona nikizianika kivulini. Akauliza kwa nini natunza karatasi zilizochafuka wakati katuni zenyewe zilishachapishwa zikiwa safi. Nikamjibu: kwa sababu zimechafuka. Kwenye gazeti unaona uamuzi tu. Kwenye karatasi halisi unamwona mchoraji akibishana na mkono wake: penseli chini ya wino, wino mweupe wa korekta juu ya pua, alama ya kikombe cha chai. Kazi yangu ni habari. Napenda kuona kilichofutwa.

Rajabu, mchoraji, amepiga simu kutoka Mikumi. Kurasa zote za kitabu chake cha katuni zimeshapigwa picha kwa ajili ya mpiga chapa, isipokuwa wa mwisho, ambao uko kwangu. Nitampelekea Jumamosi.

Jumamosi, 12 Julai

Mikumi. Rajabu anachora mabango. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, na tembo wa karibu kila gesti ya hapa ni wake. Hicho ndicho kinachomlisha. Usiku, baada ya mabango, ndio uliozaa kitabu.

Kitabu kinaitwa Mpangaji. Mafuriko yanamleta kiboko hadi mtaa wa Mabwerebwere, Kilosa, naye anapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Anabeba maji, anasukuma magari yaliyonasa, anaimba vibaya kwenye kwaya. Mtaa unampenda. Maji yanakauka, njaa inaingia, mtaa unamla. Ukurasa wa mwisho ni picha moja kubwa: mtaa mzima ukitazamwa kutoka juu, kila paa, kila kamba ya nguo. Upande wa chini, masufuria na watu wenye sahani. Hakuna anayemtazama mwenzake. Hakuna neno lililoandikwa.

Nilipouona ukurasa huo nilichangia uchapaji siku hiyohiyo, wa kwanza. Rajabu akanipa uwe wangu kwa shukrani.

Leo hakuupiga picha. Kamati imeuzuia.

Kamati ndilo kosa lake. Alipotaka wachangiaji hakujua njia nyingine zaidi ya ile ya harusi. Akafungua grupu la WhatsApp, akagawa kadi, akaweka mhazini, na mwenyekiti akamweka Mwalimu Kibwana, mstaafu, ambaye ameongoza kamati za harusi za nusu ya mji wa Kilosa. Watu wakachanga kama wanavyochangia harusi. Na aliyechangia harusi ana haki ya kuuliza habari za pilau. Hawa wameuliza habari za kiboko. Wanataka arudi mtoni salama. Bila hivyo mhazini hatoi kitu kwa mpiga chapa.

Rajabu anataka kubandika kiraka juu ya masufuria na kuchora mto hapo. Nikamwambia achore ukurasa mwingine.

"Mama, mtaa ule umenichukua masika yote. Na kitabu kinatakiwa kiuzwe Nanenane, wiki chache zijazo."

Nikasema hapana. Nikaurudisha ukurasa kwenye bahasha na kupanda basi. Nimeudhika. Sijui na nani hasa.

Jumapili, 13 Julai

Nimesoma grupu toka juu, tangu Rajabu alipoweka picha hafifu ya simu ya ukurasa ule. Nanukuu, kwa kuwa watu huwa wanafuta.

Mama mwenye duka la vifaa vya shule: "Maliasili wakiona hiki kitabu watatuuliza kibali cha kuua kiboko kiko wapi."

Fundi cherehani: "Mimi nimechorwa na sahani. Kofia ni yangu, kila mtu anaijua. Na nyama sili toka daktari alivyonikataza."

Kijana wa mashamba ya miwa, Ruaha: "Mwacheni ale kwenye katuni basi, maana nyumbani mkewe kamnyima."

Fundi: "Wewe chunga miwa yako."

Mwalimu Kibwana akafunga mjadala kwa herufi kubwa. Kikao Ijumaa. Wachangiaji wote wafike, HASA MWANDISHI. Yaani mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudi kutoka Lumuma na vumbi la mfereji kwenye viatu. Habari ya zamu za maji ya umwagiliaji. Nimeituma, kisha nikaenda kikaoni moja kwa moja.

Ukumbi ni uleule wa vikao vya harusi. Soda zipo. Rajabu alikaa nyuma kabisa, kama bwana harusi ambaye hajaulizwa.

Nikamwamkia mwenyekiti. Akaitikia marahaba, akaniacha nimesimama.

"Mwandishi, wewe ulichanga?"

"Nilichanga, mwalimu."

"Na sisi tulichanga. Sasa mbona wewe peke yako umeshapewa sahani yako ukaenda nayo nyumbani, na sisi bado tunasubiri chakula?"

Wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, maana ilikuwa haki yake. Nikasema ukurasa ni wangu, nilipewa, na sitaki ukatwe wala ubandikwe. Nikasema kisa kikiisha kwa kiboko kuogelea na kwenda zake, basi ni kisa kuhusu kiboko. Kikiisha kwa sahani, ni kisa kuhusu sisi.

"Ndiyo maana hatukitaki," akasema mwalimu, bila hasira. "Nimefundisha mji huu. Watoto wa wanafunzi wangu ndio watakaokisoma. Unataka wajue babu zao walimla mgeni wao?"

Jibu zuri. Wamepiga kura. Upande wa sahani: mkono wangu na wa yule kijana wa Ruaha, basi. Rajabu hakuinua upande wowote.

Jumanne, 22 Julai

Siku ya kuripoti mahakamani. Kesi imeahirishwa. Nimekaa kwenye benchi nikifikiri juu ya kitu kisichonihusu kikazi.

Wahariri wamenikata aya kwa miaka mingi. Wanakata mwisho, siku zote mwisho. Sijawahi kumpigia mhariri simu kudai aya. Hata nakala ya kwanza huwa situnzi. Sasa nashikilia aya ya mtu mwingine na kuiita yangu.

Hata hivyo sitaki kuitoa. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumapili, 27 Julai

Mikumi tena. Sikumwambia Rajabu nakuja. Nimemkuta juu ya ngazi akimrudishia tembo wa gesti pembe zilizopauka. Akashuka, akaniamkia, akaosha mikono kwa mafuta ya taa.

Hakuniomba tena. Akaniambia mpiga chapa amempa nafasi ya kitabu mtu wa kalenda, na atairudisha tu ukurasa ukifika wiki hii. Akasema watu wakisubiri mno watadai walichotoa, kama harusi iliyovunjika, na mchoraji wa harusi iliyovunjika hachangiwi mara ya pili. Atarudi kwa tembo wake wa gesti.

"Mama, usinielewe vibaya. Wewe unataka ukurasa. Mimi nataka kitabu."

 

Nikampa bahasha. Nikamwambia asitumie gundi ya mbao, inapausha karatasi.

"Mimi fundi, mama."

Nikataka kubaki nione akibandika. Akakataa. Akasema atauleta mwenyewe kazi ikiisha.

Njiani kurudi nilijisikia nimeibiwa. Hakuna aliyeniibia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, Morogoro. Nimetumwa kuandika habari za zana za kilimo. Nimeandika. Kisha nikaenda kwenye banda la kamati, kati ya mauzo ya miche na asali.

Kitabu kipo. Kinanuka wino. Mwalimu Kibwana amevaa suti na anauza mwenyewe. Kwa kila mnunuzi anafungua ukurasa wa mwisho kwanza, jambo ambalo muuzaji wa vitabu hafanyi. Mtoto anayekaa Mabwerebwere akatafuta paa lao, akalipata, akamwonyesha mama yake kamba ya nguo. Wamenunua viwili.

Kiraka hakionekani kwenye chapa. Rajabu ni fundi. Masufuria yamekwenda. Mahali pake pana mto, mgongo wa kiboko katikati, na ukingoni watu walewale wanampungia mkono. Nilikiangalia haraka, kama mtu anayesoma habari yake iliyokatwa. Nikalipia nakala.

Nyuma yangu binti wa sekondari alikishika kitabu muda mrefu.

"Shikamoo babu. Mbona hawa wote wameweka mkono mmoja nyuma?"

Mwalimu akavaa miwani. Akatazama. Nikafungua nakala yangu na kutazama pia. Wote. Fundi cherehani na kofia yake, mama wa duka, bibi mwenye nyumba. Mkono mmoja unapunga. Mwingine uko mgongoni, na hakuna anayemtazama mwenzake.

"Hiyo ni heshima," akasema mwalimu. "Mgeni anasindikizwa kwa heshima."

"Wameficha nini?"

"Nunua ukasome nyumbani, mjukuu wangu."

Alinunua. Mwalimu alibaki na nakala ya banda mkononi. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mteja mwingine alipokuja, akamfungulia ukurasa wa kwanza.

Rajabu alikuwa upande wa pili wa meza akitia sahihi. Sikumsogelea. Sikutaka kumfanya aseme kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Niliandika habari fupi kuhusu kitabu. Imetoka leo. Mhariri amebakiza suti, banda na mtoto wa kamba ya nguo. Amekata aya ya mwisho, ya binti na swali lake. Sikupiga simu.

Grupu limetulia. Fundi cherehani ameweka picha ya ukurasa, kofia yake imezungushiwa duara jekundu. Anawauliza watu kama wamemtambua. Kijana wa Ruaha ameandika: "Nimekutambua. Geuka tukuone mgongo." Mwalimu Kibwana hajafunga mjadala.

Jumapili, 17 Agosti

Rajabu amefika asubuhi, akiwa kati ya vipande viwili vya plaiwudi alivyofunga kwa kamba ya katani. Namaanisha ukurasa ulikuwa kati ya plaiwudi. Nimechoka. Amekunywa chai. Amesema watu wa Ruaha wanamtaka achore kisa cha pili, na kwamba safari hii hataunda kamati. Kisha akasema labda ataunda, ila ndogo. Hakuzungumzia kiraka. Akaondoka na basi la mchana.

Nimeufungua kwenye meza, dirisha likiwa wazi. Penseli, wino, korekta kwenye paa la msikiti. Kiraka ni karatasi nyeupe kuliko ya chini yake, imekatwa kwa wembe kufuata ukingo wa mto. Nimepitisha kidole kwenye ncha, kama ninavyofanya kwa kila ukurasa unaoingia.

Upande wa juu umeshika. Kushoto, kulia na chini hakuna gundi.

Nimekiinua kwa kucha. Kimefunguka kama kifuniko. Masufuria yapo. Sahani zipo, kila moja palepale ambapo kiraka kina mkono uliofichwa mgongoni. Hajagusa mstari.

Nimekishusha. Mto. Nimekiinua tena. Mara hiyo tu.

Nimeweka karatasi nyembamba juu yake na kuurudisha kwenye sanduku, chini ya ule wenye doa. Sitauweka kwenye fremu. Kioo kingekibana kiraka.

Jumatano nitakagua mchwa.