Numero moja, robe mbili

Kamikazi, nimekwisha! Unajua kile kitabu cha Papa Nasiri fundi, penye kila muteja alikuwa na ukurasa wake? Nilikiingiza mu kompyuta, nikaunganisha kila nguo na numero ya simu.

Leo Maman Bernadette amekuja kuchukua robe yake, gauni yenye tulimushonea. Naandika numero yenye bwana yake aliacha wakati wa kulipa. Zinatoka robe mbili. MBILI!

Na miye nasoma: "Iko yako, na ya Josiane."

Maman Bernadette anauliza: "Josiane ni nani?"

Nilisoma kwa sauti, Kamikazi! Kwa sauti!

Bwana yake amepiga simu, analalamika: "Rudisheni kitabu! Mu kitabu bamama habakukutana hata siku moja!"

Papa Nasiri alitaka kunifukuza. Sasa hanifukuzi tena, kompyuta ni miye tu naijua: bamama saba bako ku mulango, kila mumoja na numero ya bwana yake, banataka kuona robe ngapi zitatoka.