Mlango wa Ukurasa wa 144

Karakana ya Kujalidi Vitabu,
Chumba cha Nyuma, Mkabala na Kinyozi.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie kwanza mgongo unaendeleaje. Uliandika kwamba mmeshona makoti sitini ya askari kwa siku nne, na kwamba sasa ukisimama unasikia mifupa inakujibu. Bibi aliposikia hayo alinituma nikuandikie kwa herufi kubwa: UWE UNASIMAMA KILA SAA. Nimetimiza.

Sisi huku hatujambo. Mama yuko zamu ya asubuhi wodini, kwa hiyo jioni tunakula sote mezani, na utani wake haujapungua. Baba ni mzima, vidole vimejaa gundi kama ulivyomwacha. Mimi nimefaulu Kemia, jambo ambalo hata mwalimu wa Kemia amelipokea kwa mshangao.

Sasa barua yako. Ulisema mwongozaji wenu anatafuta hadithi ya filamu ijayo, na amemtaka kila mfanyakazi, kuanzia wapiga picha hadi nyinyi mafundi wa mavazi, amletee kitabu kimoja tu, cha safari za angani au cha maajabu, ambacho anaona kinastahili kuwekwa kwenye skrini. Ukasema siku hizi wewe husomi kitu ila vipimo vya viuno, kwa hiyo nafasi yako umenipa mimi. Mama Mdogo, sijawahi kukabidhiwa jambo kubwa namna hiyo. Wiki mbili hizi nimekuwa nikitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Nilianza na orodha, kama tunavyofundishwa. Ilikuwa na vitabu kumi na kimoja, nami nikaisoma kwa sauti karakanani. Cha kwanza kilikuwa kile cha majoka arobaini yanayolinda mji wa kioo. Bibi alikikata papo hapo.

"Majoka arobaini ya nini? Mtu akishaona matatu ameona yote."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwetu na kitana sikioni, maana hakuwa na mteja. "Bibi, usiniharibie filamu," akasema. "Mimi nikilipa kiingilio nataka majoka. Sura za watu nazitazama kutwa nzima."

"Basi rudi ukakae mbele ya kioo chako," Bibi akamwambia. "Utaliona moja, tena bila kiingilio."

Kinyozi alicheka mpaka kitana kikaanguka. Lakini nilikiondoa kitabu hicho, kwa sababu nilipojiuliza ninakumbuka nini ndani yake, nilikumbuka moshi tu.

Kingine nilichokiacha kwa huzuni ni kile cha roboti anayefundisha shule ya msingi. Nakipenda sana. Ila mambo yake yote yanatokea kichwani mwake. Anawaza kurasa mia tatu bila kutoka darasani, na mawazo yake yanachekesha kweli, lakini kwenye skrini tungekaa saa mbili tukitazama bati. Nadhani kuna vitabu ambavyo kuvifanyia filamu ni kuvinyang'anya kitu.

Kile cha mji ambamo watu huazimana vivuli nilikiweka cha pili. Hakihitaji mashine kubwa, kinahitaji taa na ukuta tu. Mwambie mwongozaji, hata kama hatakichukua mwaka huu.

Cha kwanza, bila shaka umeshakijua. Ni kitabu chetu cha bluu. Wewe ndiye uliyenisomea mara ya kwanza, kabla hujaondoka, lakini niache nikisimulie upya kana kwamba mwongozaji naye anasikiliza.

Ndani ya chombo cha angani kilichosafiri kwa vizazi vitatu yumo fundi wa mabomba, mwanamke asiye na cheo chochote. Kila siku anasikia mtu anagonga ndani ya mabomba. Wakubwa wanamwambia ni masikio yake. Anafuata mlio huo sakafu baada ya sakafu, hadi ukurasa wa 144, anapoukuta mlango wa chuma ambao haumo kwenye ramani yoyote. Ukurasa huo unaishia hivi: Akalizungusha gurudumu la mlango. Unafunua, na ukurasa wa 145 unaanza: Maji yalimfika magotini, lakini malkia hakurudi nyuma. Na kuanzia hapo hatumo tena angani. Tumo chini ya ziwa, katika mji wenye kengele, na yule aliyekuwa hasikilizwi na mtu sasa ni malkia, na mji mzima unamsubiri aseme neno.

Mimi sijawahi kusoma mruko kama ule. Bibi husema maji yalimjua ni nani kabla ya watu. Baba husema chombo kilikuwa ndani ya ziwa tangu mwanzo. Mama husema yule dada alikuwa amechoka na zamu, akalala. Tumebishana juu ya ukurasa huo tangu nikiwa mdogo. Kwangu hiyo ndiyo alama ya kitabu kinachostahili filamu: unafumba macho, unaona kitu ambacho mwandishi hakukiandika, na kila mtu nyumbani anaona chake.

Lakini ulitaka jina la kitabu na la mwandishi, na chetu hakina. Unakumbuka kilifika kwa Baba kikiwa kimeng'oka kurasa za mwanzo, pamoja na vingine vilivyolowa paa la maktaba lilipovuja. Maktaba wakampa kiwe chake, kama shukrani. Basi Jumatatu nikakipeleka kwa mkutubi. Alikigeuzageuza, akaenda nyuma ya makabati, akarudi na kitabu kingine cha bluu. Kitambaa kilekile cha jalada, uzi uleule, mkono wa Baba uleule.

"Hiki kilijalidiwa siku moja na hicho chako," akasema. "Kimeazimwa mara moja tu, kikarudishwa baada ya siku mbili. Aliyekiazima alikuwa na hasira."

Nikakifungua. Kilianza na malkia, ila malkia mwenyewe hazaliwi mpaka ukurasa wa 130. Kabla yake ni nasaba tu, fulani bin fulani, mababu tisini na wote wana ndevu. Nikafika ukurasa wa 144. Nikafunua 145. Na nani akawa amesimama pale mbele ya mlango wa chuma? Fundi wangu wa mabomba. Mlango unafunguka, anaingia, na aliyekuwa akigonga muda wote ule ni pampu mbovu. Anaitia mafuta. Wanampa cheti. Mwisho.

Nilikaa kwenye kiti cha maktaba nikahisi kama mtu ameniibia kitu. Kumbe kitabu tunachokipenda hakikuandikwa na mtu yeyote. Ni nusu ya kimoja na nusu ya kingine.

Nilipomwonyesha, Baba alifuta gundi vidoleni. Alivaa miwani, akavilaza vitabu vyote viwili, akapima karatasi kwa rula. Unamjua. Kila kitabu anachokijalidi anakifungua kuwa mikunjo ya kurasa kumi na sita kumi na sita, anaipanga, kisha anachora mstari wa penseli ulioinama mgongoni, ili mkunjo mmoja ukihama, mstari ukatike aone. Aliondoa gundi ya mgongo kidogo kidogo. Mstari ulikuwa haujakatika. Ulikuwa umenyooka vizuri kabisa, kwa sababu aliuchora baada ya mikunjo kuwa tayari imepangwa vibaya. Vitabu vilikuwa na kipimo kimoja, herufi za aina moja, na vyote vilikuwa vimelowa.

"Kosa ni langu," akasema. "Jumamosi nitavifumua vyote viwili. Kila fundi arudi kwake na kila malkia arudi kwake."

"Mkwe wangu," Bibi akasema, "hebu tuseme ukweli. Mwaka ule ni nani alikuwa akikupangia mikunjo hapo mezani huku akiimba?"

Baba akavua miwani, akaifuta. "Simkumbuki, Mama."

"Mimi namkumbuka. Nilimzaa mwenyewe."

Mama alicheka hadi akaomba maji. Sitamtaja mtu huyo katika barua hii, Mama Mdogo. Nasikia siku hizi anashona makoti.

Lakini mimi sikucheka sana siku ile. Nilikuwa na mambo mawili kifuani. La kwanza, Jumamosi kisu kingepita kati ya ukurasa wa 144 na wa 145, na kitabu tulichobishana juu yake miaka yote kisingekuwepo tena popote duniani. La pili, nilikuwa nimekwisha kuandika barua yako yenye kusifu ule mruko, na sasa niliona kuituma hivyo ni kumdanganya mwongozaji na kukuaibisha wewe mezani kwake. Niliichana. Kwa siku mbili nilikusudia kukutumia kile cha vivuli na nisiseme kitu.

Alhamisi nikamkuta Baba anakinoa kisu. Nikamwambia kile cha maktaba kisahihishwe kama atakavyo, kwa kuwa ni cha watu, na kurasa zake zilizo kwetu tuwanakilie kwenye mashine. Chetu asikifumue. Akaniambia kuacha kosa huku unalijua ni kulifanya mara ya pili. Nikamjibu, basi tusilifiche. Atushonee mkunjo mmoja mtupu pale katikati, wa karatasi ya rangi nyingine, ili kila atakayekifungua aone kwamba hapa vitabu viwili vimekutana, na mimi nitaandika fundi alivyovuka.

Alijaribu makali ya kisu kwenye kucha. Halafu akasema, "Karatasi ya manjano itafaa. Nyeupe itajifanya ilikuwepo." Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa na kisu.

Nimeandika tangu Alhamisi hiyo, na nakala nimeiambatisha. Sikumfanya fundi ajue siri yoyote kubwa. Maji yanaingia, anaona taa za mji kwa chini, anagundua kwamba waliokuwa wakigonga walikuwa wakiomba fundi, na kwamba hajawahi kuitwa na mtu kabla ya siku ile. Anavua viatu. Ndivyo anavyovuka.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, nawe ulipeleke kabla ya mkutano wenu wa tarehe thelathini. Kitabu ninachoona kinastahili filamu kuliko vyote ni vitabu viwili. Majina yake yote, na waandishi wake wote wawili, mkutubi ametupatia kwenye daftari lake la zamani, nami nimeyaandika nyuma ya nakala. Mwongozaji aambiwe ukweli wote, na waandishi au watu wao waombwe ruhusa. Akikataa, sitalia. Nitakuwa nimesema kitu ninachokiamini, na chetu tutakuwa nacho hapa rafuni. Lakini nikikuambia sitarajii chochote nitakuwa nimeongopa, baada ya barua nzima ya kukwepa uongo.

Bibi anakusalimu na anauliza kama unasimama. Mama anakusalimu, anasema dada yake mdogo ana mkono wa bahati hata katika uzembe. Baba anakusalimu kwa heshima zote, shemeji yako asiyekumbuka kitu. Kinyozi naye anasalimu, na anaomba ndani ya lile ziwa liwepo angalau joka moja. Mungu akulinde, akunyooshee mgongo na njia zako.

Kuna jambo moja limebaki. Mkunjo wa manjano una karatasi nane, na hadithi yangu imeishia kwenye ya saba. Ya nane imebaki tupu, mbele na nyuma. Leo asubuhi niliomba kuikata ili isionekane kama nimeishiwa na maneno. Baba akanionyesha kwamba haikatiki. Karatasi ya mwisho ya mkunjo na ya kwanza ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukiikata ya mwisho, ile ya kwanza inalegea na kung'oka.

Basi nimeiacha. Aliyevikutanisha vitabu hivi ni wewe, kwa hiyo hatua ya mwisho kabla ya malkia ni yako kuiandika. Usiitume kwa posta. Karatasi yenyewe imeshashonwa, haiwezi kuja huko. Kalamu nimeiweka ndani, kwenye ukurasa wake, na Baba amesema hatabandika jalada mpaka uje.

Ni mimi mwanao nikupendaye, uliyenipa jina,

Gundi