Chupa ya Bibi Imeenda Dar

Same, Jumapili

Siku tisa sijatafuna mirungi. Mimi, golikipa wa timu ya shamba la mkonge, niliyekulia milimani ambako majani hayo yanaota nyuma ya jiko! Leo nimefungwa mabao mawili huku napiga miayo. Nilijipa moyo tu: wakubwa wa ligi wamemtuma daktari apime mikojo yetu, na wangu ni safi kama maji ya chemchemi ya Gonja.

Tatizo chupa. Redio inasema biashara sasa ni huria, lakini chupa tupu madukani hakuna. Daktari aliagiza kila mchezaji aje na yake, nami nikachukua ya Bibi pale juu ya kabati. Nikaisuuza mara moja. Mara moja tu, mjinga mimi.

Daktari akafungua kizibo, akanusa, akanitazama.

"Kijana, huu mkojo umelewa."

Dengelua! Bibi huweka humo pombe yake ya miwa tangu... sijui tangu lini. Nikaapa kwamba iliyokunywa ni chupa, si mimi. Wenzangu wakavunjika mbavu. Daktari hakucheka. Aliandika jina langu, akaondoka nayo kwenda Dar.

Naogopa. Nikifungiwa miaka miwili narudi kukata mkonge, na mikono hii ni ya kudakia mipira.

Nimemweleza Bibi yote, nikitegemea pole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mjukuu wangu," akasema, "hiyo chupa yangu anairudisha lini?"