Nyota za Unga kwenye Draya

Jumatatu, 16 Desemba

Nimeamua. Mapambo ya sikukuu mwaka huu tutatengeneza wenyewe, mimi na Bosi. Bosi ni binti wa mume wangu – baba yake ndiye kampa jina hilo, na linamfaa. Anakaa kwetu tangu mama yake apate kazi mji mwingine. Mpaka leo hajaniita kitu. Si mama, si shangazi, hata "wewe" sijapata. Tuko meza moja, anamgeukia baba yake: "Baba, mwambie chai haina sukari." Jamani, niko hapo hapo! Masikio ninayo!

Dada niliyemsuka leo saluni kwangu kanionyesha kwenye simu. Unga, chumvi, maji. Unakanda, unakata nyota, unakausha, unatundika dirishani. Eti hata mtoto anaweza.

Jumanne, 17 Desemba

Hata mtoto anaweza! Uongo mtupu. Nimeongeza maji, uji. Nimeongeza unga, tofali. Umenata mpaka kwenye kope. Bosi kakaa pembeni kakunja mikono. Halafu – sijui nini kilimwingia – akavuta donge, akachukua kisu, akakata nyota yake, ulimi nje. Pembe sita! Tukakata pamoja mpaka baba yake akarudi kutoka kwenye ufundi bomba, mabomba yake begani. "Baba, mwambie asizibonyeze sana." Haya, bosi. Nimefurahi kama mjinga.

Zinatakiwa zikauke juani. Jua lenyewe liko wapi? Mvua hii haikati.

Alhamisi, 19 Desemba

Bado mbichi. Ukigusa, kidole kinazama. Akili ikanijia, au ikanitoka: si nina draya ya kukaushia nywele? Nikazipeleka saluni, chumba cha mbele, nikazipanga kwenye sinia juu ya kiti, nikazishushia kofia, moto wa mwisho. Mteja wangu, mkunga mstaafu, yuko na rola kichwani anangoja zamu yake. Akaniuliza, kwa hiyo siku hizi unga nao unasetiwa nywele? Kisha akanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Mama, nikamwambia, baraka tutatafuta baadaye, leo nataka zikauke.

Zikavimba. Zikapasuka. Nje jiwe, ndani tope. Nyota gani hizi – nyayo za bata! Nikasema rangi itasitiri aibu. Rangi niliyonayo ni ya nywele. Nyeusi.

Nikazipaka. Nisiulizwe zaidi.

Bosi alizitazama weee. "Baba, mwambie zinanuka saluni." Nikajifungia bafuni nikalia. Mtu mzima, nalilia unga!

Ijumaa, 20 Desemba

Mama yake kapiga simu. Kesho anakuja kumchukua kwa sikukuu, na huenda asimrudishe: kapata nyumba, na shule iko karibu. Ni haki yake. Kahangaika sana kuipata hiyo nyumba. Nimesema vizuri, vizuri sana. Kisha nikazimwaga nyota zote kwenye ndoo ya taka. Mume wangu anasema nisichukulie moyoni. Nichukulie wapi, kiganjani? Nani alinituma kujipendekeza!

Jumamosi, 21 Desemba

Nimeamka, nasikia draya inanguruma. Nani kaiwasha? Bosi! Kavaa viatu, begi mgongoni, amesimama kando ya kiti. Kwenye sinia iko nyota yake ya pembe sita. Kaitoa kwenye ndoo ya taka, kisha – loh! – kaiosha! Unga na chumvi, unaosha? Nusu ya rangi imetoka, pembe moja imeyeyuka. Nilitaka kufoka, nikachukua daftari.

Naandika hapa hapa saluni, najifanya napanga zamu za wateja. Gari limefika. Honi. Baba yake anaita toka getini: twende, mama amefika, mvua inaninyeshea!

Nimeigusa nyota. Kavu. Kavu kabisa, ukiigonga inalia.

Bosi naye kaigusa. Hakumwita baba yake. Kanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza.

"Mwambie baba bado haijakauka."

Mimi!

"Na mama mwambie asubiri."

Najua ninachopaswa kusema. Yule mama katoka kwake alfajiri, na mtoto ni wake. Honi tena. Mume wangu yuko mlangoni sasa, anauliza kuna nini. Bosi kashika kofia ya draya kwa mikono miwili, ananisubiri nijibu.