Mama Anamwita Kadhi

Al Khoudh,
Maskati.
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Hasina,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa kalamu, kwa kuwa mikono haifiki Unguja. Kwanza nipe khabari ya goti. Mara ya mwisho uliniambia limevimba mpaka unasali kwenye kiti. Natumai limetulia. Na sukari je? Ukinijibu "nzuri" tu, ntajua bado unakula halua kwa siri, maana mtu mwenye sukari nzuri kweli hutaja namba.

Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi. Joto limepungua, madirisha yamefunguliwa, na mke wangu Mahbuba ameacha kulalamikia umeme, sasa analalamikia vumbi. Dukani kwangu Ruwi kazi ni ile ile: nawapigia watu chapa maombi yao na kuwajazia fomu. Kwa miaka thelathini nimejifunza sheria, utabibu na umbea bila kukaa darasani hata siku moja.

Utajiuliza kwa nini nimeshika karatasi na simu ipo. Simu yako, usinikasirikie, ni ya wajukuu. Ujumbe wa sauti husikilizwa na mtaa mzima kabla hujakufikia mwenyewe. Binti yangu Reem anakuja huko Jumatano na atakupa bahasha hii mkononi. Vaa miwani, funga mlango, soma peke yako. Nna khofu, Mama mdogo, na sitaki mtu mwengine akusomee.

Khabari ni ya Mama, dada yako.

Tangu Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, maneno yanamtoka. Kiarabu kiliondoka kwanza, bila kuaga. Kiswahili kikafuata, neno moja moja. Halafu ikaingia lugha ambayo nyumba hii haijapata kuisikia. Daktari akaniambia wazee wengi hurudi kwenye lugha yao ya kwanza. Nikamwambia lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Akanitazama vile ninavyowatazama wateja wanaopunguza umri kwenye fomu.

Unamjua Baba, Mungu amrehemu, alivyotufunza: ukiulizwa mama yako mtu wa wapi, jibu Batina, pwani ya Omani. Tukajibu Batina mpaka tukaamini. Kwamba nyinyi ni Wakokni, kwamba babu alitoka pwani ya Bara Hindi, hayo tuliyasikia kwa majirani, tukayasahau kwa adabu.

Basi katika lugha hiyo tulishika neno moja tu, nalo analitaja kila siku, asubuhi, huku analia. Kadhi.

"Baba," kaniambia Nakabugo, msichana wa Kiganda anayemtunza, "Mama Kabira anataka kadhi." Mama Kabira ndivyo wafanyakazi huku wanavyomwita bibi mkubwa wa nyumba. "Tangu saa tatu ni kadhi, kadhi. Anataka talaka?"

"Mumewe kafa mwaka wa kumi na tisa huu."

"Ndiyo maana analia. Amechelewa."

Nilicheka. Halafu nikaenda dukani nikashindwa kupiga chapa hata mstari mmoja. Mzee anayemtaka kadhi, Mama mdogo, namjua anataka nini. Nimeshawaandikia wengi. Ama ni ndoa, ama ni mirathi, ama ni mtoto. Na mtoto wa kwanza ni mimi. Mwanamume wa miaka sitini na mbili nikakaa nyuma ya mashine nahisabu miezi kama mkunga, toka ndoa ya Baba na Mama mpaka kuzaliwa kwangu. Miezi ilitosha. Lakini khofu haitazami hisabu. Nikajiambia pengine ndoa yenyewe ilikuwa na kasoro, pengine alikuwapo mume mwengine kabla, hakumwacha. Jioni hiyo nilifungua kasha lake la bati, mara ya kwanza katika umri wangu, nikitafuta cheti ambacho sikutaka kukiona. Sikukiona. Niliona karatasi ya safari ya mwaka 1949, nikairudisha. Sikuitazama vizuri kwa kuwa haikuwa na jina langu.

Ndugu yangu Maan, unamjua, haogopi kitu kwa kuwa hafikiri kitu. "Mama anataka kadhi, mletee kadhi," akasema, na akamleta: mzee mmoja mstaafu, mpole, ana fimbo na ndevu zimechanwa. Tukafukiza udi. Nakabugo akapiga deki ukumbini kwa ajili ya mgeni. Mimi nikasimama mlangoni, nangoja kusikia mimi ni mtoto wa nani.

"Haya mama," mzee akasema, "kadhi ndiye mimi. Una shauri gani?"

Mama hakumwona. Alitazama chini, maji ya deki yalipokuwa yakiingia chini ya mlango. Akainua miguu juu ya kitanda, akakusanya nguo yake mpaka magotini, akapiga ukelele: kadhi! Yule mzee akainua miguu yake pia, maskini, bila kujua kwa nini.

Alipoondoka Nakabugo akanivuta pembeni. "Baba, huyu haiti mtu. Huyu anaogopa maji. Kila nikipiga deki anapandisha miguu, ndiyo kadhi inaanza."

Miezi mitano nilikuwa nafasiri, na yeye alikuwa anatazama tu.

Alkhamisi akaja dukani Samir, fundi cherehani wa Hamriya, kuniandikisha barua. Mhindi Mwislamu, mtu wa Sindhudurg. Nikamwigizia Mama, maneno mawili matatu, na kadhi yake. Akaweka chini kalamu aliyokuwa akitilia saini. "Sema tena." Nikasema tena. Akaniuliza, "Nani kwenu anazungumza Kikokni?"

Nikaona haya kujibu. Nikasema, mama yangu.

Ijumaa baada ya sala alikuja nyumbani, akakaa chini mbele ya kitanda, akamsalimu kwa lugha yao. Mama mdogo, ungemuona dada yako! Alimshika kidevu. Akamsahihisha matamshi. Akamuuliza kijiji, akamcheka kijiji chake. Robo saa nilikuwa na Mama ambaye sijapata kukutana naye, mkali, mcheshi, msichana.

Samir naye, kila Mama akipumzika, ananisomesha kwao kama mwalimu wa jiografia. Ni ukanda mwembamba, milima mgongoni, bahari usoni, na ngome ya zamani imesimama ndani ya maji. Wanaume wao wamekuwa mabaharia toka enzi na enzi: Bombay, Unguja, Ghuba, popote meli inapohitaji mtu wa kutia makaa. Zamani yote ilikuwa wilaya moja, Ratnagiri, kule Waingereza walikomfunga mfalme wa Burma mpaka akafa. Mwaka 1981 serikali ikaikata, kipande cha kusini kikaitwa Sindhudurg. Kwa hiyo Mama, bila kuinuka kwenye kiti chake hapa Maskati, alihamishwa wilaya na hakuna aliyemletea barua. Na Waislamu wa huko, ananiambia, hujisifu kwamba babu zao walikuwa wafanyabiashara Waarabu. Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Baba kahangaika umri mzima kumfanya Mama Mwarabu, kumbe kwao walikuwa washajifanya zamani.

Kicheko hicho ndicho cha mwisho nilichonacho cha kukupa.

Khadi, Samir akanieleza, si mtu. Ulimi unakunjwa kidogo, ndiyo sisi tukasikia kadhi. Khadi ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, baina ya vijiji vyao. Maji yakitoka hubaki tope, wanawake na watoto huteremka kuokota kombe. Maji yakirudi hurudi haraka.

"Na anasema nini juu ya hiyo khadi?" nikauliza.

Samir alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hakukinywa. "Anasema khadi inajaa. Anasema Hasina yuko kwenye tope. Alimwacha kidogo tu, aokote kombe."

Nikamwambia, ah, Hasina ni mama yangu mdogo, yuko Unguja, mzima, ana wajukuu tisa.

"Alizaliwa huko kwetu?"

"Hapana. Unguja, mwaka 1952."

"Na mama yako aliondoka kwetu lini?"

Nikaenda kwenye kasha, safari hii nikaisoma ile karatasi kama ninavyosoma za watu. Babu, bibi, na mtoto mmoja wa kike, umri miaka tisa. Mmoja, Mama mdogo. Huyo ni Mama.

Nimeiandika barua hii mara tatu bila ukurasa huu, na mara tatu nimeichana, maana bila ukurasa huu nakuomba jambo bila kukwambia sababu. Jina lako lilikuwa na mwenyewe kabla yako. Bibi alipokupata Unguja alikupa jina la mdogo wake Mama, yule aliyebaki kwenye khadi, na Mama akakulea, akakuita kwa jina hilo kila siku, wala hakusema. Naukumbuka ule mchezo wenu tuliokuwa tukiucheka: mkienda pwani hakuachi mkono, hata ulipokuwa mke wa mtu na tumbo la mtoto wa tatu. Nisamehe kwa kukwambia hivi, kwa karatasi. Ningekuwa karibu ningekushika.

Sasa khofu yangu yenyewe. Mama hali. Vijiko vitatu kwa siku, na hivyo ni kwa ubembelezi wa Nakabugo. Daktari hana dawa ya hilo. Kila siku kwake maji yanajaa, kila siku anageuka kumtafuta mtoto. Kufa atakufa, sote ni wa Mungu. Naogopa atakufa katikati ya tope lile, ana miaka minane tisa, anaita na hakuna anayekuja.

Samir alitufunza kumwambia "Hasina ayli", Hasina amekuja. Tulimwambia Jumamosi. Akanyamaza papo hapo. Akakaa vizuri, akafuta uso, akautazama mlango. Aliutazama muda mrefu, Mama mdogo, mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea kutazama. Hakuingia mtu. Akalia kilio ambacho sitakueleza. Hatujarudia tena.

Nakuomba uje. Visa Maan ameshaanza kuishughulikia, na Reem atarudi nawe ndege moja, akusaidie ngazi. Nimejiuliza kama huku ni kumdanganya mgonjwa. Najua tu kwamba jina ni lako kwa haki, umeliitikia miaka sabini na tatu. Naogopa utafika na yeye asikutambue. Naogopa utakasirika usije. Zaidi naogopa utakuja na sisi tutakuwa tumeshachelewa.

Nisalimie mwanao Bakhit na mkewe, na wajukuu wote tisa, waambie simu yako nnaijua inakaa kwa nani. Mahbuba anakusalimu sana. Nakabugo naye, hamjaonana lakini ananiambia nikuandikie kuwa chumba chako ameshakitandika. Mungu akupe afya na safari nyepesi, akufikishe ukiwa umetanguliwa na rehema yake.

Ukifika usikae ukumbini kunywa kahawa, wala usivue baibui. Pita moja kwa moja mpaka mlangoni kwake usimame anapoweza kukuona. Akiita jina, usiulize anamwita nani. Itika.

Mwanao akupendaye na kukungoja,
Amur