Jogoo Aliyeachwa Langoni

Kambi ya kiwanda cha kamba,
Korogwe.
Ijumaa, baada ya swala.

Mama yangu,

Shikamoo. Dada Zaina anayekusomea naye nampa salamu zake, ila namwomba jambo moja: leo usiruke mstari hata mmoja, dada. Nakujua, ukikuta habari mbaya unamsomea mama habari za mvua. Soma yote, na pa kusimama simama, mama apumue.

Goti lako linaendeleaje, mama? Palizi ya mahindi ya bondeni nani alikusaidia? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anatafuna kanga za watu kwenye kamba? Sisi huku miili yetu haina tatizo. Mke wangu Amina hajambo, na mjukuu wako Tatu ameota upya meno ya mbele yaliyong'oka, siku hizi anacheka ovyo ili tu yaonekane.

Mama, kiwanda kimekufa. Yule tajiri aliyekinunua kutoka serikalini ameona kamba zisokotwe nchi nyingine, huko anakosema umeme haukatiki. Hapa watabaki wakata mkonge tu, na katani ikishakauka na kufungwa marobota inapanda meli kama ilivyo. Mashine yangu, ile niliyokwambia inanguruma mpaka meno yanacheza, niliifungua mimi mwenyewe nati kwa nati, nikaipaka grisi, nikaipanga kwenye sanduku la mbao. Fundi wao mgeni akanisifu kwamba kazi yangu ni safi. Nilijiona kama mtu anayesifiwa kwa kumwosha vizuri maiti wake. King'ora cha asubuhi hakilii tena, lakini mimi bado naamka saa ileile.

Serikali haikututupa kabisa. Alikuja ofisa kazi, akawekewa meza kwenye kibanda cha langoni na majalada yetu mbele yake. Akasema kila aliyepunguzwa atapelekwa kwao kwa lori la serikali, yeye na familia na vyombo vyake, na wilaya ya kwao itampa shamba, jembe na mbegu za kuanzia. Kwao maana yake ni pale palipoandikwa kwenye jalada siku mtu alipoajiriwa. Wenzangu walifurahi. Mimi sikuweza kufurahi.

Kuna jambo nimekuficha miaka tisa, mama. Siku niliyokuja kutafuta kazi tulipanga foleni, na mnyapara alikuwa akipita anauliza, "Kwenu wapi?" Aliyesema Handeni alitolewa. "Watu wa Handeni nawajua," alisema. "Wingu likitanda tu wamekimbilia mahindi yao, mashine naachiwa mimi." Hakukosea sana, unatujua. Mbele yangu alikuwapo kijana wa Magoma, Hoza Shemweta, ambaye asubuhi ile tuligawana naye muhogo wa kuchoma. Akaninong'oneza, "Sema wewe ni ndugu yangu." Nikasema. Nikaandikwa Rajabu Shemweta, wa Magoma. Jina la baba nililiacha nje ya lango kama mtu anavyoacha ndala mlangoni mwa msikiti, nikidhani nitalikuta palepale nikitoka.

Ndiyo maana barua zenu zote nilitaka zipitie sanduku la yule mwenye duka la nguo mjini. Niliwaambia posta ya kiwanda si ya kuaminika. Asiyeaminika nilikuwa mimi.

Sasa sikia, mama. Ofisa alipomaliza majalada akauliza, "Hakuna wa Handeni hata mmoja?" Mzee Kibwana, mlinzi wetu wa lango tangu kiwanda kilipokuwa cha serikali, akacheka.

"Wa Handeni hapa? Labda yule mzee wa jogoo. Alikuja mwaka ule wa mvua nyingi, ametoka Kang'ata, jogoo kwapani, anamtafuta mwanawe, Rajabu Mhando. Nikamwambia, mzee wangu, mtu wa huko hatuna, daftari hili hapa. Akaomba angoje zamu itoke. Mlipotoka akakukazia macho wewe, Shemweta. Nikamwambia huyo ni wa Magoma, mtoto wa Shemweta. Akamshusha jogoo kwapani. Halafu akasema, 'Basi nimekosea kiwanda.' Jogoo akaniachia, eti amechoka kumbeba. Tukamla jioni ileile. Na wewe ulikuwepo, tulikupa paja."

Watu wakacheka. Mimi nililikumbuka paja lile. Nilikumbuka hata nilivyotania kwamba jogoo huyu amelelewa na mtu mwenye subira, maana nyama ilikuwa ngumu.

Mama, siku ya arobaini ya baba uliniambia, "Baba yako aliporudi kutoka Korogwe alisema amekuona, u mzima, umenenepa." Mimi sikuwahi kuonana naye huku, kwa hiyo nilidhani majonzi yamekuchanganya, nikaitikia tu. Kumbe wewe ulisema kweli, na baba alisema kweli. Aliniona, mimi katikati ya watu sikumwona. Alisikia naitwa mtoto wa mtu mwingine, akanyamaza. Labda alinyamaza nisije nikafukuzwa kazi, labda ni uchungu, sijui, na wa kumuuliza hayupo. Alikuletea ile habari njema, hii nyingine akaenda nayo kaburini. Nimelia, mama. Mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimeingia katikati ya mashamba ya mkonge nikalia mpaka nikakaa chini.

Nyumbani nikamweleza Amina. Akanisikiliza, kisha akasema, "Lori ni lori, baba Tatu. Tupande mpaka Magoma, tuchukue shamba, kwenu tutakwenda kusalimia." Hoza naye, ambaye sasa anauza machungwa kwa abiria pale Mkumbara, alituma neno kwamba baba yake atatupokea. Ni watu wema, sina la kuwalaumu. Lakini mjukuu wako shuleni anaitwa Tatu Shemweta. Nikishuka Magoma kwa lori la serikali, na shamba nikapewa kwa jina hilo, mtoto huyu atakua, ataolewa, atazaa, na Mhando hatakuwepo popote.

Jumatatu nikarudi kibandani. Mzee Kibwana alikuwepo. Nikasema, "Ofisa, kwetu ni Kang'ata. Yule mzee wa jogoo ni baba yangu mzazi." Mzee Kibwana akavua kofia yake, akaishika mapajani, na siku ile hakunitazama tena.

Ofisa akalifunga jalada. "Unajua ulichokifanya?" akaniuliza. "Magoma umejitoa mwenyewe, na Handeni hujaandikwa. Sasa hivi wewe huna kwenu." Si mtu mkali, mama, alisema kama anayenihurumia. Halafu akaniambia, "Mzazi wako aje hapa mwenyewe, na barua ya mwenyekiti wa kijiji, aseme wewe ni nani. Asipofika kabla lori la kwanza halijaondoka, jina lako nalikata, na chumba cha kambi unakirudisha." Malori yanaondoka mwisho wa mwezi huu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka tisa, lakini imefika.

Mzazi niliyebaki naye ni wewe tu. Najua ninachokuomba ni kikubwa: upande basi na goti hilo, uje usimame palepale alipoambiwa mumeo kwamba hana mtoto hapa, useme huyu ni wangu. Moyo ukikataa sitakulaumu. Nitaweka godoro kichwani, na kwetu nitakuja kwa miguu, shamba liwe lipo au lisiwepo. Lakini ningependa uje. Dada Zaina, tafadhali msindikize mama kwa mwenyekiti, kisha panda naye basi. Na mama, usibebe kitu. Jogoo hasa, usimlete.

Nisalimie mjomba Athumani, fundi wa mizinga ya nyuki, mwambie kamba niliyomwahidi ninayo, ni ya mwisho kutoka kwenye mashine yangu. Shangazi Mwanamvua wa kisimani umpe shikamoo yangu, na yule mama wa Kimasai anayewaletea maziwa. Ukipita kaburini kwa baba usimwambie lolote, niachie mimi.

Barua hii naituma kwa mkono wa utingo wa basi la Handeni. Basi hilo hufika huku mchana, na kutoka kituoni mpaka kiwandani si mbali. Ukifika langoni, mama, usimuulize mlinzi. Kuanzia Jumatano nitakuwa nimesimama nje ya lango kila siku, mpaka basi la mwisho lipite, ili safari hii mimi ndiye nikutafute wewe.

Mimi mwanao,
Rajabu Mhando,
wa Kang'ata.